Aliyemfundisha Harithi Kupiga

Kofi lile lilimkuta Ashura ameinama juu ya beseni, anachambua korosho. Hakuliona likija. Alisikia tu sikio la kushoto limeziba, kisha akajikuta amekaa chini kwenye vumbi la uani, korosho zimemwagika mapajani, na mbele yake imesimama miguu miwili iliyovaa makubazi ya matairi. Miguu ya mwanawe.

"Saa nane hii hujapika," Harithi alisema. "Unanichukulia poa, siyo? Humu ndani mimi ni nani?"

Humu ndani mimi ni nani. Maneno hayo Ashura aliyajua kama anavyoyajua maji ya kisima chao. Alikuwa ameyasikia tangu akiwa bi harusi, kwa sauti nzito zaidi ya hii, na kila yalipotamkwa alijua linalofuata. Kofi lenyewe halikumtisha, mwili wake ulishapokea mabaya kuliko hilo. Kilichomtisha ni namna kijana alivyosimama: mkono mmoja kiunoni, kichwa kimelala upande, anangoja ajibiwe. Alikuwa Swalehe mtupu. Swalehe aliyepunguzwa umri na kuvalishwa fulana ya mpira.

Mlangoni alikuwepo Zulfa, binti yake mdogo, kashika sufuria. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliiweka sufuria chini polepole isitoe mlio, akaingia ndani, akasukuma komeo. Mtoto wa darasa la tatu, na tayari anajua mtu anatakiwa afanye nini mwingine akipigwa.

Harithi akasonya, akatoka na simu yake mkononi.

Ashura alizaliwa Chunyu, akaolewa kitongoji kimoja upande wa Nandagala na Swalehe, kijana aliyesifiwa kotekote kwa mikorosho yake na kwa utani wake. Kwenye msiba Swalehe ndiye aliyebeba kuni. Kwenye harusi ndiye aliyewachekesha wazee. Mtu wa watu. Akirudi nyumbani anaacha ucheshi wake nje, kama mtu anavyoacha viatu, na ndani anaingia mwingine.

Alimpiga kwa chumvi iliyozidi na kwa chumvi iliyopungua. Alimpiga kwa kukawia kisimani, kwa kucheka na mchuuzi wa samaki wakavu, kwa kunyamaza aliposemeshwa na kwa kujibu aliposemeshwa. Msimu wa mabibo, uraka, ile pombe ya mabibo, unapokuwa wa bure kila pembe, ilikuwa afadhali Ashura asionekane kabisa. Na jamani, si kwamba watu hawakujua. Nyumba za pale zinasikilizana, mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Lakini Ashura alipolia, redio za majirani zilipandishwa sauti. Mama mkwe alimwambia avumilie, kwani hata yeye alivumilia. Alipofika zahanati na mdomo uliopasuka alisema, "Nimeanguka," na muuguzi akamwambia kwa kicheko, "Mama Harithi, wewe nawe unaanguka kila siku!" Akampa vidonge vya maumivu, akaita mgonjwa mwingine.

Harithi alipokuwa mdogo alijificha nyuma ya kihenge. Alipokua kidogo, baba yake alianza kumtoa huko. "Njoo hapa. Njoo uone mwanamke asiye na adabu anavyofundishwa." Mtoto alisimamishwa ukutani, akaangalia. Akilia, naye alichapwa, kwa kuwa mwanaume halii. Basi akaacha kulia. Watu wakamsifu, mtoto wa Swalehe jasiri, hata jandoni hakutoa sauti. Siku ya kutoka jandoni alipigiwa vigelegele, akaambiwa sasa ni mwanaume. Twalha, kaka yake Ashura, fundi seremala wa Nachingwea mjini, alikuja kama mjomba mtu, akampa kanzu, akala pilau, akamwona dada yake amefunga kitambaa chini mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza kitambaa kinaficha nini. Jioni akapanda pikipiki akarudi kwake.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuja. Suzana, mke wa Lubasha, wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, ambao kitongoji kizima kiliwanung'unikia kwa sababu ya mbaazi zilizoliwa. Siku moja Ashura akipigwa alitokea uani na kigae kitupu mkononi, akasimama.

"Unataka nini?" Swalehe alimfokea, mkanda ungali mkononi.

"Moto."

"Moto hakuna. Nenda kwenu."

"Mimi nasubiri tu. Mama Harithi akimaliza atanipa."

Akasubiri kweli. Hakusema neno jingine, hakugeuza uso, alisimama palepale kwenye jua kama nguzo, mpaka Swalehe akaona aibu ya kuendelea mbele ya macho yale, akautupa mkanda akaondoka. Baadaye akina mama wa kitongoji walimwita Suzana kando wakamfunza desturi. Hapa kwetu, walimwambia, mambo ya mke na mume hayaingiliwi.

"Hata kwetu walisema hivyohivyo," Suzana aliwajibu, "mpaka tukamzika dada yangu Minza."

Wakamwona mgeni asiye na adabu.

Harithi alimpiga baba yake alipokuwa kidato cha pili. Siku hiyo Swalehe alikuwa amemkamata Ashura nywele, anamburuta kutoka jikoni. Kijana alikuwa anarudi kutoka shamba. Aliupindua mpini wa jembe aliokuwa nao, akaushusha mara moja kwenye mkono wa baba yake, na mfupa ukalia.

Hapo ndipo kitongoji kilipopata masikio. Miaka yote ile hakuna aliyeitisha kikao. Sasa, kabla ya alasiri, mwenyekiti Agapiti alikuwa ameshaketi, wazee wamekusanyika, mgambo wameitwa, na fimbo za mkwaju zimekatwa mbichi. Mtoto amempiga baba! Dunia imekwisha! Ashura naye alikuwepo kikaoni, ana damu kwenye fizi na kishungi cha nywele zilizong'olewa mkononi, lakini hakuna aliyemtazama. Walimlaza Harithi kwenye mchanga, Agapiti akamchapa mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka, akampokeza mgambo. Walimpiga ili ajue kwamba si vizuri kupiga. Hivyo ndivyo walivyosema, kwa sauti kubwa, na hakuna hata mmoja aliyesikia alichokuwa anasema.

Swalehe alitoa talaka mkono ukiwa bado kwenye plasta, akahamia Naipingo kwa mke mwingine aliyekuwa naye huko. Nyumba ikapoa. Siku za kwanza Ashura alishtuka kwa jinsi kulivyokuwa kimya, hata kijiko kikidondoka anajikunja. Alimkanda Harithi mgongo kwa maji ya moto, akamwambia maneno yaliyomtoka moyoni: "Umeniokoa, mwanangu. Sasa wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii." Na si yeye peke yake. Shangazi walisema vilevile, na imamu, na mwenye duka, wote walimwita mwenye mji. Kijana wa miaka kumi na mitano, ambaye mwenye mji pekee aliyewahi kumwona ni yule mmoja, akapewa kiti chake.

Akakikalia kama alivyoona kikikaliwa.

Haikuanza na kofi. Ilianza na mlango kubamizwa. Kisha Ashura akaulizwa alikuwa wapi, na nani, na kwa nini amekawia gulioni. Kisha simu yake ikachukuliwa ikapekuliwa. "Bi mkubwa unazingua," alimwambia mama yake mbele ya rafiki zake, nao wakacheka. Zulfa akafinywa kwa kuchelewesha maji. Halafu kikombe kikarushwa ukutani. Halafu Ashura akasukumwa, akajigonga kwenye mtungi, na jioni Harithi akaleta samaki wa kukaanga kwenye gazeti, akamwekea mbele, macho yamevimba. Swalehe naye alikuwa akileta samaki.

Ashura alificha. Alificha kuliko alivyowahi kumfichia mume, maana mwanamke akipigwa na mumewe walau anaweza kumnong'onezea mwenzake kisimani. Akipigwa na mtoto aliyemzaa, anamwambia nani? Kila atakayemwambia atamuuliza alimleaje.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kofi la siku ile ya korosho lilionwa na wapita njia, na kulipokucha habari ilikuwa imeshatembea mpaka mashambani, kila mtu na sababu yake mkononi. Wengine walisema kijana anavuta bangi. Wengine wakalaumu simu. Amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo, hana kazi, kichwa kimepata moto. Yupo aliyesema majini, yupo aliyesema ni laana ya ule mkono wa baba yake. Na wengi, wengi kabisa, walisema hizi ndizo nyumba zisizo na mwanaume.

Ashura aliposikia hilo la mwisho alicheka peke yake, kicheko kichungu. Nyumba isiyo na mwanaume! Wakati mwanaume ndiye aliyesimama pale uani na mkono kiunoni.

Suzana alifika asubuhi na mapema, akamkuta sikio limevimba. Hakuuliza kulikoni, aliuliza moja tu: "Leo utasema umeanguka?"

"Leo sisemi," Ashura alijibu.

Kikao kiliitishwa uwanjani kwa mwenyekiti. Harithi alikalishwa kwenye mchanga, magoti yamekumbatiwa. Fimbo zilikuwa tayari zimelazwa kwenye jamvi, nazo ni za mkwaju vilevile. Agapiti alisoma kosa kwa sauti ya kikazi, akasema kitongoji hakiwezi kuvumilia mtoto anayeinua mkono kwa mzazi, akamwita mgambo.

"Ngoja, mwenyekiti," Ashura alisema, akasimama.

"Mama Harithi, utapewa nafasi."

"Nafasi yenyewe ndiyo hii."

Alivuta kanga yake vizuri begani. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wengi, lakini hasira iliyokuwa imemkaa kifuani tangu jana ilimsimamisha.

"Huyu kanipiga," alisema, akimwonyesha mwanawe. "Sitaki mtu aseme nimeanguka. Mwanangu wa kumzaa kanipiga kofi, na si mara ya kwanza kunigusa. Nalisema mbele yenu ili na yeye asikie. Lakini hizo fimbo ziacheni palepale."

Minong'ono ikaanza. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza, "Unamtetea aliyekupiga?"

"Simtetei, bibi. Nauliza. Mara ile alipompiga baba yake mlimlaza hapahapa mkamchapa. Akajifunza nini? Kama angejifunza kutopiga, leo tusingekuwa hapa. Alijifunza kwamba mwenye fimbo ndiye mwenye haki, na kwamba ukiwa mdogo unapigwa na ukiwa mkubwa unapiga. Basi amekuwa mkubwa."

"Mama Harithi, punguza jazba," Agapiti alisema.

"Nipunguze? Mwenyekiti, ukuta wa nyumba yako na wangu unatenganishwa na mwembe mmoja. Nililia miaka mingapi? Ulisikia au hukusikia?"

Agapiti alitazama jamvi. "Yale yalikuwa ya mke na mume."

"Haya. Na huyu mtoto alikuwa wapi wakati wa hayo ya mke na mume? Alikuwa amesimamishwa ukutani anafundishwa! Shuleni kafundishwa hesabu, madrasa kafundishwa Kurani, nyumbani kafundishwa kunipiga, kila siku, na mwalimu wake mlikuwa mnakula naye harusini mkimwita mtu wa watu. Leo mwanafunzi amefaulu, mnashangaa nini? Mnamtafuta shetani gani? Bangi gani? Ninyi wote mlikuwepo!"

Sauti yake ilipasuka, lakini hakukaa. Angependa kusema kwamba uwanja mzima ulinyamaza kwa aibu. Haukunyamaza. Baadhi ya wanawake waliinamisha vichwa, kweli, na mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Lakini wanaume wawili walinyanyuka wakakung'uta kanzu zao, na mmoja akasema bila hata kushusha sauti, "Kwa mdomo huu, Swalehe naye alikuwa na haki." Wenzake wakacheka. Agapiti, kwa kukosa la kufanya, akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa.

Walirudi nyumbani, mama mbele na kijana nyuma. Njia nzima Harithi alipiga mawe teke. Karibu na mkorosho wa kwanza wa shamba lao Ashura alisimama.

"Kwa nini?" akamuuliza.

"Sijui, mama. Mkono ulitoka wenyewe."

"Mkono hautoki wenyewe. Agapiti alikuchapa mbele ya watu, mbona haukutoka? Mwenye duka alikuita mwizi wa vocha, mbona haukutoka?"

Kijana alifikiri. "Niliwaogopa."

"Mimi huniogopi."

Kijana aliinama akaokota kijiti.

"Basi mkono wako una akili sana, Harithi. Unajua pa kwenda."

Harithi alikaa chini, akaanza kuchora vumbini kwa kile kijiti, na alipozungumza, ile sauti ya ubabe wa mjini ilikuwa imemtoka. "Baba alikuwa akikupiga, halafu unaamka unapika. Unamchotea maji ya kuoga. Siku ile nilipompiga yeye, uliniambia nimekuokoa. Nikawa… sijui. Ukichelewa kunisikia nilikuwa nahisi kama baba ananicheka, kama anasema mimi siyo kitu. Nikadhani…"

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani wewe ndivyo unavyosikia."

Neno lile lilimwingia Ashura kuliko kofi. Alitaka kumfokea, akataka pia kumshika kichwa kama mtoto mchanga, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama akipumua kwa nguvu. Hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa imepata upana. Mwanawe alikuwa ameyapanga aliyoyaona, moja baada ya jingine, akayajumlisha kwa akili zake, na jibu alilolipata lilikuwa sahihi kwa namna alivyofundishwa.

Akatoa simu akampigia kaka yake.

"Twalha, mpwa wako kanipiga."

"Ee Mungu wangu. Dada, vijana wa siku hizi—"

"Sitaki vijana wa siku hizi. Nakutaka wewe. Wewe ndiye mjomba. Kwa desturi zetu huyu mtoto alikuwa wako tangu anazaliwa, na ulichompa ni kanzu. Uliona kitambaa changu siku ya jando ukaangalia pembeni. Kesho uje."

Twalha alianza kusema ana kazi ya madirisha ya mtu, kisha akaacha. "Nitakuja," akasema.

Alikuja. Ashura alimweleza alichotaka: Harithi aende akakae naye Nachingwea, ajifunze useremala, ampishe yeye na Zulfa wapumue. Lakini kwanza wapitie Naipingo. Twalha aliuliza kuna nini huko.

"Nataka baba yake asikie kwa mdomo wa mwanawe. Wasikilizane, hao wawili."

Waliingia Naipingo jua likianza kupanda. Swalehe alikuwa kibarazani kwake kwenye kiti cha plastiki, amenenepa kidogo, mkono ule uliovunjika umepona kombo. Aliwakaribisha kwa bashasha, akamtania shemeji yake, akaagiza chai. Mkewe, Saada, mwanamke mdogo kuliko Ashura kwa mbali, alikuwa anapeta ufuta uani. Aliitikia salamu bila kuinua uso, lakini uso ulionekana. Chini ya jicho la kulia palikuwa na uvimbe wa rangi ya bibo lililoiva.

Kando yake alikuwepo mtoto wa kiume, hata maneno hajayamudu vizuri. Alitaka maji. Saada akamwambia asubiri kidogo, mikono ina vumbi. Mtoto akaangaza huku na huku, akaokota njiti ya ufagio, akamchapa mama yake mguuni. Akamchapa tena, mkononi. Kisha akaweka mkono kiunoni.

"Mimi nani humu!" akasema kwa kitembe.

Swalehe aliangua kicheko mpaka akapaliwa. "Mmeona? Mmeona dume hilo?"

Twalha naye alikuwa ameanza kucheka. Kilikuwa kile kicheko cha mazoea, ambacho mtu mzima humpa kila mtoto anayeiga wakubwa. Kikamfia mdomoni. Saada aliendelea kupeta, kana kwamba aliyempiga ni nzi.

Harithi alikuwa amegeuka rangi. Alimwendea mdogo wake ambaye hawakuwahi kuonana, akachuchumaa mbele yake.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Mtoto alimwonyesha baba yao kwa ile njiti, uso umejaa fahari.

"Damu yangu hiyo!" Swalehe alisema.

Harithi aliinuka. "Baba, nilimpiga mama."

Swalehe aliacha kucheka. Alimtazama kijana, akamtazama Ashura, akarudi kwa kijana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuamua kesi kwa haki:

"Alifanya nini?"

Hilo tu. Hakuuliza kwa nini ulimpiga, wala uliwezaje kumpiga. Aliuliza alifanya nini. Swali lilelile ambalo Ashura mwenyewe alijiuliza gizani miaka mingi, nimefanya nini leo.

"Hakufanya kitu," Harithi alisema.

"Hakuna mwanamke anayepigwa bila sababu."

"Alikuwa anachambua korosho, baba. Hakufanya kitu." Alisogea hatua moja mbele. "Hata wewe, siku zote zile. Hakuwa amefanya kitu. Nilikuwepo."

Swalehe alinyanyuka nusu kitini, mkono mzima ukapanda kama ulivyozoea, ukamkumbuka aliyesimama mbele yake, ukashuka. "Mmekuja kunitukania nyumbani kwangu?" alisema. "Twalha, ndiyo heshima hii?"

Twalha, ambaye maisha yake yote alichukia ugomvi, alikitua kikombe cha chai ambacho hakuwa amekionja. "Shemeji," alisema, "heshima tuliipeleka kubaya, mimi na wewe." Kwake yeye hayo yalikuwa maneno mengi.

Harithi alikuwa ameshatoka barabarani, amewapa mgongo, mabega yanamtikisika. Ashura aliinama karibu na Saada kama anayemsaidia kuokota ufuta uliomwagika.

"Pole na jicho," alimwambia chinichini.

"Nilianguka kisimani," Saada alijibu haraka.

"Najua hicho kisima. Mimi nilianguka humo miaka yangu yote ya ndoa." Akamshika kiganja. "Nandagala ukiulizia kwa Mama Harithi utaonyeshwa. Njoo na huyu mtoto, mapema, angali anashika njiti."

Saada aliubana mkono wa Ashura mara moja, akaendelea kupeta.

Kufikia leo Saada hajaja. Ashura huwa anamwaza, na kila akimwaza hukasirika upya.

Harithi alibaki Nachingwea kwa mjomba wake. Msidhani aliamka kesho yake ni malaika. Twalha alisimulia kwamba mwezi wa kwanza kijana alirusha randa ikamkosa fundi mwenzake, na kwamba siku moja alimwinulia mkono mke wa Twalha kwa sababu ya chakula, mkono ukaganda hewani, naye akatoka akashinda nje akipasua mbao, hakula mpaka jioni. Twalha hakumchapa. Alikwenda akakaa karibu naye, akashika upande wa pili wa msumeno. Wakapasua wote. Ni siku nyingi sasa hajamwinulia mtu mkono.

Huja Nandagala kuwasalimu. Hulala kwa Lubasha na Suzana, maana Ashura aliweka sharti ambalo limewachekesha wengi: mwanawe hatalala tena nyumba ile mpaka Zulfa aseme. Harithi alimwomba mdogo wake msamaha, kapiga magoti kabisa, kamletea kistuli alichokitengeneza mwenyewe. Zulfa akakipokea kistuli. "Nimesikia," akasema, akaenda kuchota maji. Ashura hakumharakisha. Miaka yote yeye aliharakishwa kusamehe, na aliona ilivyomfikisha.

Mwaka huu kulikuwa na harusi kitongojini, na Harithi alikuja kusaidia kupanga viti. Agapiti alimwangalia kijana akiwapa wazee maji ya kunawa kwa adabu, akasogea karibu na Ashura na sahani yake ya pilau, uso umechangamka.

"Umemwona mwanao, Mama Harithi? Amenyooka. Unajua, hasira zako siku ile zilikuwa za bure. Zile fimbo zetu za mwanzo zilimwingia."

Wanawake waliokaa karibu waliacha kutafuna. Ashura alimtazama mwenyekiti, akautazama mkono wake ulioshika kijiko.

"Zilimwingia, mwenyekiti," alisema. "Zilimwingia kabisa. Na zilipotoka, zilitokea kwangu."

Akaomba apishwe njia, akaenda jikoni kuwasaidia wenzake kupakua.